Homa ya Uti wa Mgongo: Kutoka Ibn Sina Hadi Chanjo ya Mahujaji

Ibn Sina (370–428 Hijria, yaani 980–1037 Miladia) alieleza katika Al-Qanun fit-Tibb maradhi yaitwayo sirsamu. Neno hilo ni la Kifursi: "sar" ni kichwa na "sam" ni uvimbe. Ni uvimbe wa moto unaoshika utando unaofunika ubongo, au ubongo wenyewe, ukiandamana na homa na kuweweseka. Sisi Waswahili maradhi ya utando huo tunayaita homa ya uti wa mgongo. Wala majina hayo hayapingani, kwani utando ufunikao ubongo ndio huo huo unaoteremka ndani ya uti wa mgongo.

Mwaka 1887, Anton Weichselbaum wa mjini Vienna aligundua mmoja wa wasababishaji wakubwa wa maradhi haya: bakteria wa meningokoki. Bakteria huyu hukaa kooni na huenea kwa mate na kikohozi, na mtu aweza kumbeba bila ya kuugua mwenyewe.

Katika Hija ya mwaka 1407 (1987) aina A ilizuka miongoni mwa mahujaji, nao wakarudi nayo makwao. Mwaka 1988 aina hiyo ilishambulia Sudan na Ethiopia, na mwaka 1989 ikafika Nairobi. Saudi Arabia ikawalazimisha mahujaji kuchanjwa. Kisha katika Hija ya 1420 (2000) ikaja aina W135, ambayo chanjo ya A na C haikuikinga. Waliougua walizidi 400 katika nchi mbalimbali, wakiwamo jamaa wa mahujaji ambao hawakutoka majumbani mwao. Ndipo tangu mwaka 2002 ikalazimishwa chanjo ya aina nne: A, C, W135 na Y.

Hapa ndipo fiqhi inapoingia. Anayetafuta cheti kigongwe muhuri bila ya kuchanjwa amekusanya makosa mawili: amesema uongo, na amehatarisha nafsi za wenziwe, pengine mama yake mzee aliyemwacha nyumbani. Mafakihi wamekubaliana kwamba madhara huondolewa, na kuyazuia kabla hayajatokea ni aula zaidi. Basi mwenye kunuia Hija na achanjwe siku zisizopungua 10 kabla ya kufika, kwani kinga ya mwili huhitaji muda.

Wallahu aalam.