Santa Claus (filamu ya 1959)

Santa Claus ni filamu ya Kimexiko ya mwaka 1959, iliyoongozwa na René Cardona na kutayarishwa na Guillermo Calderón. Hadithi iliandikwa na Cardona pamoja na Adolfo Torres Portillo. Inahusu mapambano kati ya Baba Krismasi, anayeigizwa na José Elías Moreno, na shetani mdogo aitwaye Pitch, anayeigizwa na José Luis Aguirre, maarufu kwa jina la "Trotsky".

Nje ya Mexiko filamu hii inajulikana zaidi kwa toleo lake la Kiingereza. Huko imehesabiwa kwa miaka mingi kati ya filamu za Krismasi "mbovu zinazopendeza": kazi za gharama ndogo, zenye mapambo ya karatasi na hadithi inayoyumba, ambazo watu wengine huzitafuta makusudi kila Desemba.

Hadithi

Baba Krismasi wa filamu hii haishi katika Ncha ya Kaskazini. Anaishi katika jumba la kifalme lililo angani juu ya mawingu, pamoja na watoto kutoka nchi mbalimbali wanaomsaidia kutengeneza vitu vya kuchezea. Filamu inaanza naye akipiga kinanda, huku kila kundi la watoto likiimba wimbo wa kwao. Sehemu hii ni ndefu mno, na msomaji wa Afrika ataiona kwa jicho lake: Uingereza, Japani na Italia zinatajwa kila moja kama nchi, lakini bara zima la Afrika linapewa kundi moja tu la watoto wenye ngoma.

Kutoka kuzimu, Lusiferi anamtuma Pitch duniani usiku wa tarehe 24 Desemba ili awageuze watoto wawe waovu. Asipofaulu ataadhibiwa kwa kulishwa aiskrimu ya chokoleti, kwa kuwa mashetani hawapendi baridi. Huko juu Baba Krismasi anawaona watoto kwa darubini yenye jicho kwenye mkono unaojikunja, na anawasikiliza kwa sikio kubwa lililofungwa kwenye mtambo. Anasaidiwa na mchawi Merlin, aliyeazimwa kutoka hadithi za mfalme Arthur wa Uingereza. Merlin anampa unga wa kuleta ndoto na ua la kumfanya asionekane. Kulungu wanaovuta gari lake ni wa kuchezea. Hutiwa ufunguo kama saa, nao hucheka. Jua likichomoza kabla hawajarudi, watageuka vumbi.

Katikati ya mambo hayo yupo Lupita, mtoto wa maskini anayetamani mwanasesere. Pitch anamshawishi aibe mmoja sokoni; Lupita anamchukua, kisha anamrudisha. Usiku anaota wanasesere wakubwa kama watu wakicheza ndani ya ukungu na kumsukuma aibe, naye anakataa. Mtoto mwingine, Billy, ni wa tajiri na hakosi kitu ila wazazi wake, ambao wameondoka kwenda kula mkahawani. Baba Krismasi anajigeuza mhudumu wa mkahawa huo na kuwapa kinywaji cha kuwakumbusha mtoto wao, nao wanarudi nyumbani mbio. Pitch anafaulu kumnasa Baba Krismasi juu ya mti huku mbwa akimbwekea chini, lakini mwishowe yeye mwenyewe analoweshwa kwa maji ya wazima moto. Lupita anampata mwanasesere wake.

Shetani katika Krismasi

Watazamaji wa Marekani wamecheka sana kwa kuona shetani mwekundu mwenye pembe akishindana na Baba Krismasi. Kwa Mmexiko jambo hilo si geni hata kidogo. Tangu enzi za ukoloni wa Kihispania wamisionari walitumia michezo ya kuigiza iitwayo *pastorela* kufundisha habari za kuzaliwa kwa Yesu. Katika michezo hiyo wachungaji wako njiani kwenda Bethlehemu, na mashetani wanawawekea vikwazo ili wasifike. Shetani wa *pastorela* ni mchekeshaji: anaruka, anajigamba, anaanguka, na mwisho anashindwa mbele ya watu wote. Huyo ndiye Pitch. Watengenezaji walichukua mchezo uliojulikana vijijini na kumweka Baba Krismasi mahali pa wachungaji.

Baba Krismasi mwenyewe ndiye aliyekuwa mgeni. Kwa desturi, watoto wa Mexiko hupewa zawadi na Mamajusi watatu tarehe 6 Januari. Mzee wa nguo nyekundu aliingia kutoka Marekani, na kuingia kwake kuliwahi kuwa suala la kisiasa. Mwaka 1930 serikali ya rais Pascual Ortiz Rubio ilijaribu kumweka Quetzalcóatl, mungu wa kale wa nchi hiyo, awe mleta zawadi wa Krismasi, na Desemba ya mwaka huo watoto walikusanywa katika uwanja wa taifa kupokea zawadi kwa jina lake. Jaribio hilo halikushika mizizi. Kwa hiyo filamu hii ilipotoka, iliwaeleza watoto mhusika ambaye hakuwa wao tangu zamani, na pengine ndiyo sababu Baba Krismasi wake amekusanywa vipande kutoka kila mahali.

Toleo la Kiingereza

Mfanyabiashara wa Marekani K. Gordon Murray, aliyewahi kufanya kazi katika maonyesho ya kusafiri, alinunua haki za filamu hii akaitia sauti za Kiingereza huko Florida. Ilianza kuonyeshwa Marekani mwaka 1960. Murray hakuiweka sinemani kwa majuma mfululizo. Aliionyesha mchana wa Jumamosi na Jumapili tu, kwa ajili ya watoto, kisha akaiondoa na kuirudisha Krismasi nyingine. Kwa njia hiyo ilizunguka miaka mingi, na Murray alifanya vivyo hivyo kwa filamu nyingine za watoto kutoka Mexiko.

Utiaji sauti wake ndio umeipa filamu nusu ya sifa yake. Midomo haiendani na maneno, na msimulizi anaeleza hata yale ambayo mtazamaji anayaona kwa macho yake. Mtu aliyekulia Dar es Salaam au Kampala akitazama video zilizosimuliwa na DJ hatashangaa sana, ingawa DJ hodari huongeza chumvi yake mwenyewe, na msimulizi huyu hana utani wowote.

Mvuto wake

Tarehe 24 Desemba 1993 filamu ilionyeshwa katika kipindi cha televisheni cha Marekani *Mystery Science Theater 3000*, ambamo watu hutazama filamu duni na kuitania inapoendelea. Tangu hapo kizazi kingine kimeijua. Mwaka 2014 baadhi ya waigizaji wa kipindi hicho waliitania tena katika onyesho la moja kwa moja lililorushwa katika majumba ya sinema.

Mwandishi Susan Sontag, katika insha yake ya mwaka 1964 kuhusu ladha ya namna hii, alieleza kwamba kinachofurahisha zaidi ni kazi iliyofanywa kwa dhati ikashindwa kufika ilikolenga. Maelezo hayo yanaifaa *Santa Claus*. Filamu iliyotengenezwa kwa makusudi ionekane mbovu huchosha upesi, lakini hapa waliochonga lile sikio kubwa hawakuwa wanatania. Kuna pia ugeni wake. Krismasi ya sinema za Hollywood mtazamaji anaijua hata kabla haijaanza. Hii haitabiriki, maana kanuni zake ni za mahali pengine. Filamu ya Kimarekani *Santa Claus Conquers the Martians* (1964) hutajwa pamoja nayo, lakini hiyo ni duni kwa namna inayoeleweka zaidi.

Hata hivyo kicheko hiki kina upande wake. Sehemu ya kinachochekwa ni desturi ya watu wengine iliyofika bila maelezo, tena kwa sauti zisizo zao. Na Lupita hachekeshi. Mtoto anayemshika mwanasesere wa wizi, akamtazama, kisha akamrudisha, ni tukio lililotengenezwa vizuri katika filamu ambayo mengi yake hayakutengenezwa vizuri, na toleo la Kiingereza halikuliharibu.

Waliohusika

Cardona, mzaliwa wa Havana, Kuba, aliongoza filamu zaidi ya mia moja, zikiwemo za mwanamieleka El Santo. Alifariki mwaka 1988. Moreno alifanya naye kazi tena katika *La horripilante bestia humana*, filamu ya kutisha ambamo Baba Krismasi wa zamani ni daktari anayempandikizia mwanawe moyo wa sokwe. Alifariki mwaka 1969.