Mwanafunzi wa Uuguzi Anapobisha Hodi

Wewe uliye shambani na redio umeitundika kwenye mti, wewe uliye jikoni, na wewe unayepanga nyanya zako sokoni, tega sikio kidogo.

Mmeshawaona. Vijana wawili watatu, wasichana kwa wavulana, yunifomu imepigwa pasi, daftari mkononi, wanatembea nyumba kwa nyumba pamoja na mhudumu wa afya wa kijiji. Hao ni wanafunzi wa uuguzi. Wanauliza maji mnateka wapi, choo kiko wapi, mtoto amemaliza chanjo, nani analala ndani ya neti. Wako wanaowakaribisha na kuwapa kigoda. Wako pia wanaojificha chumbani na kumtuma mtoto nje, naye mtoto anasema, "Mama amesema hayuko."

Swali ninaloulizwa mara kwa mara ni hili: "Sista, hawa ni wanafunzi tu, mbona wanakuja kujifunzia kwetu?" Ni swali la haki. Ndiyo, wanajifunza. Lakini leo nataka mjue jambo hili la muuguzi kutoka chuoni na kuingia katika nyumba za watu lilianzia wapi, maana historia yake inamhusu mama na mtoto tangu mwanzo.

Zamani, nesi alikuwa mtu wa wodini. Mgonjwa alimfuata yeye, si yeye kumfuata mgonjwa. Huko Liverpool, Uingereza, mnamo 1859, tajiri mmoja aliyeitwa William Rathbone alikuwa amefiwa na mkewe. Nesi aliyemuuguza mkewe hadi mwisho, Mary Robinson, alimfanya awaze: ikiwa mimi mwenye mali niliona faida kubwa namna hii, je, maskini anayeugua chumbani bila mtu? Akamwajiri Robinson azunguke katika nyumba za maskini kwa miezi mitatu. Baada ya muda mfupi Robinson alitaka kuacha, kwa uchungu wa yale aliyoyaona. Rathbone akamsihi, akaendelea, na muda ulipokwisha yeye mwenyewe hakutaka kuacha. Shida ikawa wauguzi wa kuifanya kazi hiyo hawakutosha, ikabidi wafundishwe. Florence Nightingale, ambaye shule yake ya uuguzi ilifunguliwa London mwaka wa 1860, alimshauri Rathbone aanzishe mafunzo hapohapo Liverpool.

Lakini kisa ninachokipenda zaidi kilitokea New York, Marekani, mwaka wa 1893. Nawaomba msiifikirie New York ile mnayoiona kwenye televisheni. Mtaa wa upande wa mashariki wa jiji hilo, wakati ule, ulijaa wahamiaji kutoka Ulaya, watu wa vyumba vya kukodisha, familia nzima chumba kimoja au viwili, na bado wanakaribisha mpangaji mwingine ili kodi ipatikane. Ukikaa mtaa wa mabanda hapa kwetu, hilo huhitaji kuelezwa.

Msichana mmoja, Lillian Wald, mwenye umri wa miaka 26 hivi, alikuwa amemaliza shule ya uuguzi mwaka wa 1891, na sasa alikuwa mwanafunzi katika chuo cha udaktari cha wanawake. Pamoja na masomo yake, alikuwa akiwafundisha akina mama wa mtaa ule jinsi ya kumtunza mgonjwa nyumbani. Asubuhi moja ya mwezi wa Machi, mvua ya rasharasha, somo lilikuwa kutandika kitanda. Akaingia mtoto wa kike, akasema mama yake ni mgonjwa. Wald akamfuata.

Aliandika mwenyewe baadaye kile alichokiona. Ngazi chafu, vyumba viwili, familia ya watu saba, baba kilema anayeomba barabarani. Mama amelala juu ya kitanda kilicholowa damu, na damu hiyo ilikuwa ya siku mbili. Wengi wanaosimulia kisa hiki husema mama huyo alikuwa ametoka kujifungua. Wald alimwosha, akasafisha chumba, akatandika kitanda kile. Angalia: somo lilelile la darasani, lakini sasa kitandani kuna mtu. Alipoondoka, wenyeji walimbusu mikono. Tangu siku hiyo hakurudi tena kwa masomo ya udaktari. Alisema moyoni kwamba mambo haya yanaendelea kwa sababu watu hawajui, na kazi yake ni kuwajulisha.

Nataka nisimame hapo kidogo, akina mama. Siku mbili! Damu inatoka siku mbili, na anayetafuta msaada ni mtoto. Nisiwadanganye kwamba ni mambo ya kale. Mama akishajifungua, ikiwa kitambaa au pedi inalowa upesi na kubadilishwa tena na tena, ikiwa kichwa kinakuwa chepesi, macho yanaona giza au mwili umekuwa baridi wenye jasho, hiyo si "damu chafu inatoka". Hiyo ni hatari ya saa hiyohiyo, si ya kesho. Tafuta pikipiki, tafuta gari, ita majirani, nenda hospitali. Homa, au uchafu unaonuka vibaya, vilevile usikae navyo. Na hata ukijisikia mzima, mama na mtoto waonekane kliniki ndani ya siku mbili, tena kati ya wiki ya kwanza na ya pili, tena wiki ya sita. Akina nyanya, nyinyi ndio mnaokuwa pale nyumbani usiku. Neno lenu linasikika kuliko langu.

Turudi kwa Wald. Alimtafuta rafiki yake waliyesoma naye, Mary Brewster, wakafanya jambo ambalo wengi waliliona la ajabu: walihamia mtaani. Kwanza walikaa katika nyumba waliyoishi wasichana waliotoka vyuoni, waliokuwa wameamua kukaa kati ya watu hao. Kisha wakapanga ghorofa ya juu kabisa ya jengo la kawaida, ngazi za ghorofa tano, majirani kama majirani. Kufikia 1895 tajiri mmoja, Jacob Schiff, aliwapatia nyumba nambari 265 katika barabara ya Henry. Wauguzi wengine wakaja kuishi humo. Walikula pamoja na kujadili pamoja wagonjwa wa siku ile. Mtu angeweza kumwita nesi moja kwa moja bila kupitia kwa daktari. Aliyeweza alitoa senti chache, asiyeweza alihudumiwa hivyohivyo. Nadhani hizo senti zilikuwa na busara yake. Mtu anayelipa hata kidogo hajisikii ombaomba mbele ya nesi.

Mwanzoni kabisa, walipokuwa bado juu ya zile ngazi, Wald alikutana na mvulana wa miaka 12 aitwaye Louis. Kichwa chake kilikuwa na vidonda vya ngozi. Hakuwahi kusoma hata siku moja, kwa sababu kila akienda shuleni mwalimu anamrudisha nyumbani. Je, mama yake hakujali? Alijali! Alikuwa amempeleka zahanati akapewa dawa ya kupaka. Dawa ilikuwako nyumbani. Kilichokosekana ni mtu wa kuonyesha inavyopakwa, wapi, mara ngapi, na kwa muda gani. Wald akaonyesha na kufuatilia, kichwa kikapona, na Septemba mtoto akaandikishwa shule. Siku iliyofuata, wakati wa mapumziko ya mchana, Louis alipanda zile ngazi zote mbio kumsomea nesi maneno aliyofundishwa asubuhi.

Mama, fikiria dawa zilizo kwenye kabati lako sasa hivi. Paketi ya chumvi na sukari ya kuharisha ambayo huna hakika inachanganywa na maji kiasi gani. Dawa ya upele aliyopakwa mtoto mmoja, wenzake wanaolala naye kitanda kimoja hawakupakwa, kwa hivyo upele unazunguka nyumba nzima kama mchezo wa kujificha. Vidonge vya zinki vilivyoachwa siku ya tatu kwa sababu kuhara kumekoma, ilhali vilipaswa kuendelea hadi siku 10 au 14. Hapo ndipo nesi wa nyumbani anapofaa, hata akiwa bado mwanafunzi.

Kisa cha Louis kilizaa kingine kikubwa. Mwaka wa 1902 shule za New York zilikuwa zikirudisha nyumbani watoto kwa maelfu, kwa sababu ya macho, choa, upele na chawa. Mtoto alipewa karatasi, mama mhamiaji hakuweza kuisoma, na watoto waliokatazwa darasani wakacheza barabarani na wale waliotoka darasani jioni. Wald aliutolea mji muuguzi mmoja, Lina Rogers, ajaribu kwa mwezi mmoja katika shule nne. Rogers aliwatibu watoto shuleni, kisha akawafuata mama zao nyumbani kuwaonyesha. Jiji likakubali na kuajiri wengine. Septemba 1902 watoto waliorudishwa nyumbani walikuwa zaidi ya 10,000. Septemba 1903, karibu 1,100.

Kuna mwingine simwachi: Elizabeth Tyler, muuguzi Mmarekani mweusi aliyeajiriwa na nyumba ile ya Henry mwaka wa 1906. Alitumwa kwa watu weusi wa jiji, lakini wagonjwa hawakuletwa kwake. Hakurudi kulalamika. Aliwaendea wasimamizi wa majengo ya kukodisha, akafanya nao urafiki, akawauliza nani anaumwa humu ndani. Hata hapa kwetu, ukitaka kujua nani amejifungua ndani ya ploti, muulize msimamizi.

Kufikia 1913 wauguzi wa nyumba ile walikuwa 92, na kwa mwaka walitembelea nyumba mara 200,000 hivi. Jina la muuguzi wa afya ya umma ni Wald aliyelieneza. Na mwaka wa 1910 alisaidia kuanzisha masomo ya kazi hiyo katika chuo kikuu cha Columbia. Hapo ndipo nyumba ya mama wa kawaida ilipoanza kuhesabiwa kuwa darasa.

Na hapa Kenya? Chuo chetu cha mafunzo ya matibabu, KMTC, kilianza Nairobi mwaka wa 1927, na kwa miaka mingi mafunzo ya uuguzi nchini yaliegemea zaidi hospitali. Mwaka wa 1978 mataifa yalikutana Alma-Ata na kukubaliana kwamba afya ianzie pale watu wanapoishi. Polepole masomo yetu yakabadilika, na ndiyo sababu mimi niliye mbele yenu ninaitwa muuguzi wa afya ya jamii. Mwaka wa 2006 serikali ikatoa mpango wa afya ya jamii uliowapa wahudumu wa vijijini kazi inayoeleweka, na Septemba 2023 wahudumu hao 100,000 nchini wakaanza kugawiwa mikoba ya vifaa.

Nilipokuwa chuoni, tulipelekwa wiki kadhaa katika kijiji kimoja. Sisi nasi tulikaa pamoja, vyumba viwili vya kukodi, uji asubuhi, sukuma jioni, na zamu ya kuteka maji. Tulipanga foleni kisimani kama wengine, na foleni ile ilitufundisha mengi kuliko daftari. Boma moja tuliandika "choo kipo", na kweli kilikuwapo, kizuri, cha mabati. Kule kisimani mama wa boma hilo akaniambia kwa sauti ya chini: "Msichana wangu, choo kile kina kufuli. Ufunguo anao baba watoto, ni cha wageni." Watoto walikuwa wanaenda kichakani, na watoto hao ndio waliokuwa wakiharisha. Hakulisema hilo mbele ya daftari, na mzee yuko pale. Jioni mhudumu wa kijiji, aliyekuwa rika la mzee, alikwenda kuongea naye kiume, bila kumtaja mama. Kufuli liliondolewa wiki hiyo.

Kwa hivyo mwanafunzi akibisha hodi, hizi ni haki zako. Muulize kitambulisho cha chuo, na aje na mhudumu unayemjua. Hatakiwi kukutoza pesa. Hatakiwi kukupiga picha wala kumpiga mtoto wako picha bila ruhusa yako. Swali usilotaka kulijibu, mwambie hulijibu, hakuna atakayekuadhibu. Ukitaka kumweleza jambo mkiwa wawili, mwambie akusindikize hadi kisimani. Akishindwa kukujibu, mtume akaulize mwalimu wake akuletee jibu. Hilo si kumdhalilisha, ndiyo kazi iliyomleta.

Toa kitabu cha kliniki cha mama na mtoto, akitazame. Toa zile dawa za kabatini pia, zote, hata za mwaka jana, mzitazame pamoja tarehe na namna ya kutumia. Na ukiwa na kikombe cha chai, wengi wao wametoka bila kifungua kinywa.

Wiki ijayo tutazungumza juu ya chakula cha mtoto anapofikisha miezi sita. Maswali yenu yaacheni kwa mhudumu wa kijiji chenu, tutayasoma hapa. Kwaherini.