Kibosho: nchi ya Mangi Sina

Kibosho ni nchi ya Wachaga kwenye miteremko ya kusini ya Mlima Kilimanjaro, juu ya mji wa Moshi upande wa kaskazini-magharibi. Katika miaka ya 1880 mtawala wake, Mangi Sina, aliogopwa karibu mlima mzima.

Nguvu zake zilitokana na biashara. Misafara kutoka Pangani, Tanga na Mombasa ilipanda mlimani kununua pembe za ndovu na chakula cha safari. Ilinunua pia mateka wa vita vya wamangi, yaani watawala wa Kichaga, waliouzwa utumwani. Ukatili huo haufai kuachwa nje ya sifa za Sina. Nao wenyeji walipokea nguo, shanga, bunduki na baruti. Kwa silaha hizo Sina alipigana miaka mingi na Mangi Rindi wa Moshi (leo Old Moshi), na mkono wake ukafika hadi Machame.

Makao yake yalikuwa ngome ya mawe. Mahali pengine Wachaga walichimba mapango ya kuficha watu na mifugo. Sina aliinua kuta. Februari 1891 Hermann von Wissmann alizishambulia kwa jeshi la Kijerumani lenye askari wa Kisudani, huku wapiganaji wa Rindi wakimsaidia. Ngome ikaanguka. Sina alinusurika, akakubali utawala wa Wajerumani, na mwaka 1893 mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu wakafungua misheni Kibosho. Alifariki mwaka 1897.

Mwanawe Molelia hakudumu. Tarehe 2 Machi 1900 Wajerumani walimnyonga Old Moshi pamoja na Mangi Meli, mwana wa Rindi, na viongozi wengine wa Kichaga, Kimeru na Kiarusha. Wana wa mahasimu wawili walikufa siku moja, kwa amri moja.

Mgeni wa leo hupanda kutoka Moshi mjini, mji uliokua baada ya reli kufika mwanzoni mwa miaka ya 1910. Njiani kuna vihamba vya migomba na kahawa, na mifongo, yaani mifereji inayoteremsha maji kutoka msituni. Juu zaidi ni Umbwe, mwanzo wa njia moja ya kupandia Kilimanjaro. Umangi ulifutwa baada ya Uhuru, kwa hiyo historia ya Sina inafaa kuulizwa kwa wazee. Kisha mgeni afike Old Moshi, yalikokuwa makao ya Rindi na Meli. Mwaka 2023 vipimo vya vinasaba vya mafuvu yaliyohifadhiwa Berlin vilitambua fuvu la Akida, mshauri wa Meli, na ndugu zake wakapatikana Tanzania.