Ndege Ndogo ya Rubavu Ilale Wapi?

Tarehe 7 Novemba 2022 ndege ya kivita ya Kongo, Sukhoi-25, iligusa ardhi ya uwanja wa ndege wa Rubavu, Rwanda, kwa muda mfupi, kisha ikapaa kurudi kwao. Kigali ililalamika, Kinshasa ikajibu kwamba ndege hiyo haikuwa na silaha na iliingia bila kukusudia. Tarehe 24 Januari 2023 Sukhoi nyingine ilirushiwa kombora karibu na mpaka huohuo, ikatua Goma ikiwaka moto. Wasomaji wengi walizichukua kama habari za vita tu. Mtu wa Gisenyi, mji wa Rubavu, anayefikiria kununua Cessna ya viti vinne alipaswa kuzisoma kwa jicho jingine, kwa sababu zinagusa jambo ambalo muuzaji wa ndege hamwulizi mteja wake: ikishanunuliwa, italala wapi?

Wapo watakaosema hilo ni tatizo la matajiri, na mwenye fedha za ndege hakosi pa kuiweka. Sikubaliani nao. Ndege ndogo huharibika zaidi ikiwa imesimama kuliko ikiwa angani. Injini yake ya pistoni isipofanya kazi kwa wiki kadhaa, unyevu huingia ndani na kutu ikaanza kula vyuma ambavyo hakuna jicho linaloviona. Alumini ya mabawa haipatani na chumvi wala tindikali. Shorwe na mbayuwayu hujenga viota penye uwazi wowote. Dhoruba moja ya alasiri yaweza kuipindua ikiwa haikufungwa kamba imara. Anayechagua mahali pa kulaza ndege anachagua umri wake, na pengine umri wa rubani pia. Jamii mbalimbali zimelijibu jambo hili kila moja kwa hali yake, na majibu yao yanamfaa mtu wa Rubavu kuliko orodha ya ada za maegesho.

Wako wanaoilaza mlangoni. Huko Alaska, katika ziwa la Hood mjini Anchorage, ndege za kutua majini zimepangwa kando ya maji, kila moja na gati lake, na watu husubiri miaka kupata nafasi. Huko Florida, mtaa wa Spruce Creek umejengwa kuzunguka uwanja wa zamani wa jeshi la majini, na hanga liko ubavuni mwa nyumba kama banda la gari. Kenya nayo ina Orly Airpark, Kajiado, yenye mpango wa namna hiyohiyo. Mawazo haya ni ya zamani. Ndege ya de Havilland Moth iliyotoka Uingereza mwaka 1925 ilikuwa na mabawa ya kukunjwa nyuma, ili iingie katika banda la kawaida. Mwandishi Karen Blixen, katika kitabu chake cha mwaka 1937, anaeleza kwamba shambani kwake Ngong palikuwa na mahali pazuri pa kutua, dakika chache tu kutoka nyumbani, ambapo rafiki yake Denys Finch Hatton alitua na Gipsy Moth yake.

Nauelewa mvuto wa jambo hilo. Kuamka, kunywa chai, kutembea hatua chache na kupaa, nani asingetaka? Lakini mtu wa Alaska ana sababu ambayo Rubavu haina: sehemu kubwa ya vijiji vyake haifikiwi na barabara yoyote. Kwake ndege ndiyo barabara. Gisenyi ina lami safi hadi Musanze na Kigali, mwendo wa saa tatu hivi kwa gari. Na hata ile Moth ya Ngong haikuishi kwa upendo wa mwenyewe peke yake. Mei 1931 propela yake iliharibiwa na tumbawe Finch Hatton alipotua pwani, na ikabidi nyingine itoke Nairobi. Siku chache baadaye, tarehe 14 Mei, alianguka Voi mara tu baada ya kupaa, akafa pamoja na mtumishi wake Kamau. Sisemi kifo hicho kilitokana na mahali ndege ilipolazwa. Ninachokitazama ni ile propela. Ndege ilikuwa na nyumba mbili: kiwanja cha shambani ilikotua, na Nairobi ilikotengenezwa. Ya pili ndiyo iliyoiweka hai.

Hapo ndipo naona watu wa pwani yetu walilijua jambo hili karne nyingi kabla ya injini. Nahodha wa jahazi hakujiuliza kwanza wapi ni karibu na mlango wake. Aliuliza kusi ikichacha, chombo kitakaa wapi, na nani atakishika. Kusi inapovuma kwa nguvu, kuanzia Mei, bahari hufungika kwa vyombo vingi vya tanga. Ndiyo majira ya kukipweleza chombo, kukiegemeza kwenye magogo, kukitia kalafati upya, kukipaka deheni ya chokaa na shahamu chini ya mstari wa maji, na sifa, yaani mafuta ya papa, juu yake. Kazi hiyo haifanyiki popote penye mchanga. Hufanyika penye mafundi. Matondoni kule Lamu na Nungwi kule Unguja zimepata jina kwa sababu hiyo. Kuna hori nyingi nzuri zilizojikinga na upepo kote pwani ambazo hakuna chombo kinachopelekwa kutengenezwa, kwa kuwa hakuna anayejua kushika shoka la seremala wa vyombo. Chombo chaweza kuwa na mwenyewe Mombasa, nahodha kutoka Pate, na majira yake ya kupumzika kikayamalizia Matondoni. Hakuna aliyeona hilo kuwa ajabu. Aliyeonekana wa ajabu ni yule aliyekiacha chombo mbele ya nyumba yake, jua likapasua mbao na maji yakaingia maungioni, eti apate kukitazama.

Nairobi ilifuata busara hiyo bila kujua kuwa ni ya pwani. Klabu ya marubani ya Afrika Mashariki, Aero Club, iliundwa mwaka 1927. Mwaka 1929 mjane Florence Kerr Wilson, pamoja na rubani Tom Campbell Black, alianzisha kampuni ya Wilson Airways, na uwanja ulioikuza ndio huo tunaouita Wilson leo, jina rasmi tangu 1962. Mwaka 1958 Embakasi ilipofunguliwa kwa ajili ya ndege kubwa, Wilson ingeweza kufungwa na ardhi yake kugawanywa viwanja vya nyumba. Haikufungwa. Ndege ndogo zilibaki, na kwa kuwa zilibaki, mafundi walibaki. Kwa kuwa mafundi walibaki, vipuri, petroli ya ndege na shule za urubani vikafuata. Madaktari wa ndege wa AMREF, huduma iliyoasisiwa mwaka 1957, wana kituo chao hapo mpaka sasa. Mwenye Cessna anayeishi Naivasha au Nanyuki anaweza kuwa na kiwanja chake cha nyasi, lakini inapofika zamu ya ukaguzi wa mwaka anajua pa kwenda.

Wamisionari wana jibu la tatu, nalo ni fupi: ndege hukaa kazi ilipo, ila fundi hukaa nayo. MAF, shirika lao la ndege, huko Uganda iko Kajjansi, kati ya Kampala na Entebbe. Mashariki mwa Kongo iko Bunia. Hawaiachi ndege mahali ambapo hawana mtu wao wa kuifungua injini.

Sasa turudi Gisenyi, na tuutazame uwanja wake kwa haki.

Uko katika mwinuko wa mita 1,550 hivi. Siku ya joto la nyuzi 25, hewa ya hapo huwa nyepesi kana kwamba uko karibu mita 2,300, na injini isiyo na turbo hupoteza zaidi ya moja ya tano ya nguvu zake. Njia ya kurukia ni fupi. Hilo peke yake halitishi. Wilson iko juu zaidi, na marubani wa milimani wamezoea kupaa asubuhi wakiwa na mzigo mdogo. Kinachotisha ni majirani wawili.

Jirani wa kwanza ni mlima wa volkano wa Nyiragongo. Tarehe 17 Januari 2002 lava ilipita katikati ya Goma hadi ziwa Kivu na kufunika upande wa kaskazini wa njia ya ndege, karibu theluthi yake nzima. Kwa miaka mingi ndege kubwa zilitua Goma kwenye kipande kilichobaki. Tarehe 22 Mei 2021 ilitoka tena ikakaribia uwanja huohuo, na Gisenyi nayo haikusalimika: matetemeko ya siku zilizofuata yalipasua nyumba na kuangusha nyingine. Mara nyingi upepo husukuma moshi wa mlima kuelekea magharibi, lakini si kila siku, na gesi yake ya salfa ikikutana na mvua hutengeneza tindikali. Mabati ya paa yakiliwa nayo yanaweza kubadilishwa. Mhimili wa bawa la ndege ukiliwa na kutu, rubani huenda asijue mpaka siku mbaya.

Jirani wa pili ni mpaka. Uwanja wa Gisenyi na ule wa Goma havijatengana hata kilomita tano. Rubani anayezunguka ili atue vizuri ana muda mfupi mno kabla hajaingia anga ya nchi nyingine. Zamani kosa hilo lingeishia kwa kukemewa redioni. Sivyo tena. Uwanja wa Goma ulifungwa mwishoni mwa Januari 2025 mji ulipotekwa na waasi wa M23, na Februari mwaka huohuo Kongo ilipiga marufuku ndege zilizosajiliwa Rwanda kuingia anga yake. Ndege yenye alama za usajili wa Rwanda, 9XR, ubavuni haina tena nafasi ya kukosea hapo. Bima nayo: mikataba ya kawaida ya ndege huacha nje hasara za vita, na anayetaka kinga hiyo huilipia ziada. Sijui namna ya kumshauri mtu ailaze mali yake kila usiku mahali ambapo karatasi ya bima yenyewe inamkwepa.

Kamembe, kusini mwa ziwa, ina uwanja bora unaohudumiwa na RwandAir, lakini iko ng'ambo ya Bukavu, mji wa Kongo, na ina jirani yuleyule wa pili. Kwa hiyo nabaki na Kanombe. Iko Kigali, kama kilomita 100 kwa njia ya anga, nayo ina njia ya kurukia ya mita 3,500. Forodha na uhamiaji viko palepale, na safari yoyote ya kwenda Entebbe, Nairobi au Arusha ingelazimika kupitia huko hata hivyo. Kampuni ya Akagera Aviation ina shughuli zake hapo, maana yake mafundi wapo. Malalamiko kwamba ni upuuzi kuendesha gari saa tatu ili uruke nusu saa nayakubali. Yanaonyesha tu kwamba ndege hiyo haikukusudiwa kwa safari ya Gisenyi na Kigali. Imekusudiwa kwa safari ndefu kuliko hiyo, na safari hizo huanzia Kanombe.

Gisenyi isiachwe kabisa. Iwe mahali pa kutua asubuhi, kushusha abiria na dawa na mizigo, kisha kuondoka kabla ya mawingu ya alasiri hayajakusanyika.

Kuna neno moja kwa wenye mamlaka. Ujenzi wa uwanja wa Bugesera ulianza mwaka 2017, na ndege kubwa zitakapohamia huko, watu wengi wataitamani ardhi ya Kanombe. Nairobi ilikuwa mahali hapohapo mwaka 1958. Naiomba Kigali itenge sehemu ya Kanombe kwa ajili ya ndege ndogo, yenye hanga, petroli ya ndege na karakana, kabla ramani za majengo hazijachorwa. Mafundi wakishatawanyika, itachukua kizazi kizima kuwakusanya tena.