Gofu kwa sisi tuliokulia kwenye jembe: jinsi ya kurekebisha mshiko na kifundo cha mkono

Leo siasa tuiweke pembeni kidogo, tuongee gofu, na hasa habari ya mikono. Nawalenga zaidi ndugu zangu wa Kasulu, Kibondo mpaka kule Kitanga ambao mchezo huu wamekutana nao ukubwani, mjini, wengine wakianzia kwenye kubeba mabegi ya fimbo pale Lugalo au viwanja vingine. Nimecheza na wengi wao. Nguvu wanazo tele, lakini mpira unaondoka vizuri, unakata kulia, unaishia vichakani. Jamaa analaumu fimbo, ananunua nyingine kwa hela nyingi, mpira unaendelea kukata vilevile.

Kwa maoni yangu kosa linatoka kwenye jembe. Mkulima wa milimani kwetu anashika mpini kwa kiganja kizima, mikono imeachana, anakaza, ananyanyua na kushusha, halafu anavuta udongo kuja kwake. Kwa shamba la maharage hiyo ni kazi safi kabisa. Kwenye gofu kila kimoja kati ya hivyo kinakuumiza. Nitaeleza kwa mtu wa mkono wa kulia. Wa kushoto ageuze.

1. MKONO WA KUSHOTO

Huu ndio unaokaa juu, karibu na mwisho wa mpini. Fimbo isilale katikati ya kiganja. Ilale kwenye vidole, kwa mshazari, kutoka chini ya kidole kidogo mpaka pingili ya kati ya kidole cha shahada. Ukifunga mkono, ile nyama nene ya kiganja upande wa kidole kidogo inakaa juu ya mpini.

Sasa tazama chini. Unatakiwa uone vifundo 2 au 3 vya vidole. Ukiona 1 tu au usione kabisa, mkono umegeukia sana kushoto, uso wa fimbo utafika kwenye mpira ukiwa wazi, na mpira utakata kulia. Ukiona 4, mkono umegeukia sana kulia na mpira utakimbilia kushoto.

2. MKONO WA KULIA

Nao unashika kwa vidole, na kiganja chake kinafunika dole gumba la kushoto. Ile V kati ya dole gumba na kidole cha shahada, kwa mikono yote miwili, ielekee upande wa bega la kulia.

Kuunganisha mikono kuna njia tatu. Ya kwanza, vidole vyote 10 juu ya mpini, nzuri kwa watoto na wenye mikono midogo. Ya pili, kidole kidogo cha kulia kinalala juu ya mkono wa kushoto. Hii ilienezwa na Harry Vardon wa kisiwa cha Jersey, aliyechukua Open ya Uingereza mara 6 kati ya 1896 na 1914. Ya tatu, kidole kidogo cha kulia na cha shahada cha kushoto vinafumana, kama Jack Nicklaus na Tiger Woods. Chagua yoyote, ila mikono ifanye kazi kama mmoja.

3. USIKAZE

Shika kama unavyomshika mtoto mkono mnapovuka barabara: asichomoke, na asilie. Ukikaza, kifundo kinakuwa gogo na fimbo inakosa mwendo.

Hapa kuna jambo la afya pia. Kitako cha fimbo kikikaa ndani ya kiganja cha kushoto, kila pigo kinagonga kamfupa kadogo kalichoko chini ya kidole kidogo. Kamfupa hako huwa kanavunjika kwa wacheza gofu. Maumivu ya hapo yasipoisha, acha kucheza, nenda hospitali upigwe picha. Usijipake dawa ya kuchua ukarudi uwanjani.

4. KIFUNDO CHA MKONO

Fimbo ikipanda, vifundo vijikunje kuelekea dole gumba mpaka fimbo na mkono wa kushoto vifanye kama pembe mraba. Ikishuka, usivifungue mapema. Mikono itangulie, kichwa cha fimbo kifuate.

Kosa kubwa ni kuchota. Mtu anataka kuunyanyua mpira, basi kifundo cha kushoto kinavunjika kabla fimbo haijafika. Jamani, uso wa aini namba 7 umelazwa nyuzi 30 hivi. Kazi ya kuunyanyua mpira ni yake. Wewe piga mpira kwanza, nyasi baadaye, mgongo wa mkono wa kushoto ukiwa umenyooka.

Na hapa ndipo utoto wetu unatusaidia. Kumbukeni fyekeo la shuleni. Ukilikaza kama jembe, majani yanalala tu bila kukatika. Ukililegeza kidogo, mkono ukatangulia na bapa likafuata kwa kasi, yanakatika. Kifundo cha gofu ni ndugu wa fyekeo.

5. MAZOEZI YA BURE

- Kila jioni shika fimbo nyumbani dakika 10, achia, shika tena, hesabu vifundo. Mpira hauhitajiki.
- Chora mstari wa majivu kwenye nyasi, zungusha nusu mzunguko bila mpira. Fimbo iguse nyasi mbele ya mstari, upande wa shabaha. Ikigusa nyuma, bado unachota.
- Shika ufito mrefu pamoja na mpini, uchomoze juu kupita ubavu wako wa kushoto. Piga mapigo mafupi, polepole. Ufito ukikugonga mbavuni kwenye eneo la mpira, kifundo kimevunjika.

Mshiko mpya utakukera, na kwa wiki kadhaa utapiga vibaya kuliko zamani. Wengi wanakata tamaa hapo na kurudia jembe lao. Vumilia. Rekebisha mshiko kwanza, kifundo baadaye, kwa sababu kifundo hakiwezi kukunjika vizuri juu ya mshiko mbovu. Na kabla hujanunua fimbo nyingine, mwombe mwenzako akupige picha ya mikono yako kutoka mbele. Hesabu vifundo kwanza.

Mwenye swali au nyongeza karibu. Nawasilisha.