Songwe na Njia ya Hewani ya Kusini

Msafiri atokaye Tunduma, akiisha kufunga mizigo yake na kuazimia kuruka hadi Dar es Salaam, na kutoka huko pengine hadi Dubai kununua bidhaa za dukani, hana budi kwanza ashike barabara kuelekea mashariki kadiri ya kilomita 80, apite Vwawa na Mlowo, ndipo akifikie Kiwanja cha Ndege cha Songwe, ambacho, pamoja na jina lake, hakimo katika Mkoa wa Songwe. Kiwanja kilifunguliwa Desemba 2012. Mkoa ukamegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, nao mpaka ukakiacha kiwanja upande wa Mbeya.

Kitu cha kale kilichoshuka kutoka mbinguni katika nchi hii ni kile kimondo cha Ndolezi huko Mbozi, chenye uzito wa tani 12 hivi, ambacho hakikuomba kibali cha mtu. Lakini safari za watu hewani nazo si jambo la jana kama wengi wanavyodhani. Mwaka 1932, ilhali mji wa Mbeya haujatimiza hata miaka 10, na dhahabu ya Lupa ingali ikiwavuta watu wa kila kabila, kampuni ya Imperial Airways ilifungua njia ya kutoka London hadi Cape Town, na Mbeya ikawa kituo baina ya Dodoma na Mpika ya Rhodesia ya Kaskazini, ndiyo Zambia ya leo. Nauli ya njia nzima ilikuwa pauni 130, na mwendo wake siku kama 11, kwani eropleni zile hazikusafiri usiku, bali abiria walishushwa jioni wakalala, wakaamshwa alfajiri. Mpaka uliochorwa na Wajerumani na Waingereza mwaka 1890, bila kuwauliza Wanyamwanga waliokaa pande zote mbili, abiria yule aliuvuka akiwa kitini. Fahari hiyo haikudumu. Mwaka 1937 kampuni ilileta ndege za kutua majini, nazo zikashika njia ya pwani, Mombasa, Dar es Salaam na Lindi, na nyanda za juu zikaachwa.

Baada ya hapo mambo makuu ya nchi hii yakarudi ardhini. Walowezi wa Rhodesia walipojitangazia uhuru wao Novemba 1965, na Zambia ikakatiwa mafuta, ndege za Uingereza na Kanada ziliyabeba kwa mapipa; lakini taifa zima haliwezi kuishi kwa mapipa ya hewani, na kwa hiyo likaja bomba la TAZAMA mwaka 1968, ikafuata barabara kuu ya lami, kisha reli ya TAZARA mwaka 1976. Hayo ndiyo yaliyoikuza Tunduma, na kwa maoni yangu ndiyo sababu kiwanja kikubwa kikachelewa hivyo: mali ilikuwa ikipita kwa malori, na kiwanja kidogo cha zamani, kilichozingirwa na nyumba za Mbeya, kilionekana kuwatosha maofisa.

Songwe ina njia ya kurukia ipitayo mita 3,300, lakini kwa miaka mingi haikuwa na taa, hivi kwamba ndege za usiku hazikuweza kutua, na ukungu wa masika nao ukazidisha udhia. Msafiri wa Tunduma aondoke mapema, maana foleni ya malori haijali ratiba ya ndege ya mtu. Tena apime mzigo wake nyumbani. Mama avukaye mpaka kwenda Nakonde, upande wa Zambia, na beseni la mchele kichwani hapimiwi kilo. Lakini huko Songwe utamkuta mama huyo huyo amechutama kando ya mizani, sanduku wazi, akihamishia mchele wa Kamsamba katika mkoba wa mkononi kwa sababu umezidi kilo 23.

Akifika Dar es Salaam, ndege za ndani humshusha Jengo la Pili, ilhali za ng'ambo, tangu 2019, huondokea Jengo la Tatu, basi sharti atoke nje na kuuhamisha mzigo mwenyewe. Hapo ndipo pasipoti yake hugongwa muhuri wa kuondoka nchini, zaidi ya kilomita 900 kutoka kwao kwa barabara, na jirani yake aliyepanda basi la Lusaka amekwisha kugongewa wake mpakani, katika kituo cha pamoja cha Tunduma na Nakonde kilichofunguliwa Oktoba mwaka ule ule wa 2019.