Chakula cha Marangu na Mtu wa Pangani

Kisiwa cha Fundo, mkabala na Wete, ni ardhi ya matumbawe iliyolala bapa juu ya bahari. Mtu wa huko akitaka kula katika nyumba ya wageni ya kale mlimani, hana budi kuvuka hadi bara, ashike njia ya Moshi, kisha apande Marangu. Ni safari ndefu. Hata hivyo watu wa pwani waliwahi kuifanya kwa miguu, wakiwa na mizigo kichwani, na bila wao huenda nyumba hizo zisingekuwapo.

Marangu ina nyumba mbili zenye historia. Moja ni Kibo Hotel, ambayo mwaka 1988 ilimpokea Jimmy Carter, Rais mstaafu wa Marekani. Nyingine ni Marangu Hotel, iliyokuwa nyumba ya shamba la kahawa la familia ya Lany na kuanza kupokea wageni katika miaka ya 1930. Wageni hao walikuja kwa ajili ya Kibo, chenye mita 5,895.

Aliyefungua njia hiyo, kama vitabu visemavyo, ni Hans Meyer. Alijaribu mwaka 1887 akashindwa. Mwaka 1888 alikamatwa na watu wa Abushiri, akaachiwa kwa fidia. Mwaka 1889 akaja na mpango mwingine, na mpango huo, ukiutazama vema, ulikuwa wa jikoni: kambi ziliwekwa kwa hatua mlimani, na wapagazi wakapandisha chakula kutoka Marangu kila baada ya siku chache. Tarehe 3 Oktoba yeye na Ludwig Purtscheller walifika ukingo wa kreta wakarudi wamechoka. Wakapumzika, wakala, na tarehe 6 wakafika kileleni. Ni akiba ya chakula iliyowapa nafasi ya pili.

Katika kambi ya juu kabisa alibaki nao mtu mmoja tu, Mwini Amani wa Pangani. Mtu wa minazi na mikoko, katika baridi ile! Masimulizi ya Marangu humkumbuka pia kijana wao, Yohani Kinyala Lauwo, kuwa ndiye kiongozi wa njia, naye akaheshimiwa katika maadhimisho ya miaka 100, mwaka 1989. Mwini Amani hutajwa kwa nadra.

Mwaka uliofuata safari ile ya Meyer, Askofu Raoul de Courmont, aliyekuwa na makao Zanzibar, alifika Kilimanjaro pamoja na Padre Alexandre Le Roy, na misioni ya Kilema, jirani na Marangu, ikaanza. Nao pia walitegemea wapagazi na ukarimu wa wenyeji.

Ukarimu huo ni wa kale kuliko hoteli yoyote. Mgeni wa Uchaggani hupewa mtori, ndizi zilizopikwa na nyama kisha zikapondwa hadi zikawa laini. Hupewa na mbege, pombe ya ndizi mbivu na ulezi, ambayo kwa desturi hunywewa katika kibuyu kinachopita mkono kwa mkono. (Asiyekunywa pombe asione haya; mtori peke yake unatosha kumrudishia msafiri nguvu.) Walioshuka kutoka kileleni wameacha majina yao katika vitabu vya wageni. Waliopandisha ndizi na kuni hawakuulizwa majina.